Pishi ya Msiba: Je, Umekua Kiasi Gani?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya sala ya Alasiri, katika kumi la kwanza la Ramadhani. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji wetu.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.



Kila mwaka mwezi huu ukikaribia kwisha, hutangazwa kiwango cha Zakatul Fitr. Na kila mwaka huzuka mjadala. Huyu asema kilo mbili na nusu, yule asema kilo tatu. Kijana akisikia hudhani masheikh wamekhitilafiana katika dini. La, si hivyo. Sheria haikutaja kilo, imetaja pishi. Na pishi ni kipimo cha ujazo, si cha uzito. Ukijaza pishi ile ile kwa tende, kisha ukaijaza kwa mchele, kisha ukaijaza kwa unga, ukaweka kila kimoja juu ya mizani, hutapata kilo sawa. Pishi ni moja, kilichomo ndani ndicho mbalimbali.

Weka mfano huu moyoni, maana leo sitazungumza juu ya mchele. Nataka tuzungumze juu ya pishi nyengine ambayo watu wameitengeneza ili kuupima moyo wa mtu aliyefiwa: je, baada ya msiba amekua? Amekua kiasi gani? Na je, mfiwa wa Marekani, wa Japani na wa hapa kwetu pwani wanaweza kupimwa kwa pishi moja?

FOMU ILIYONIFIKIA

Baba yangu alifariki mwezi wa Shaaban, wiki mbili kabla ya kufunga. Mwenyezi Mungu amrehemu. Ramadhani ile tulifuturu na mahali pake kwenye mkeka pakiwa patupu. Hakuna aliyeambiwa asikae pale, lakini hakuna aliyekaa.

Watu walikuja kutupa pole, Mungu awalipe. Na wengi walinishika bega wakaniambia neno moja: "Sasa wewe ndiye mwanamume wa nyumba. Msiba unakomaza." Nililisikia mara nyingi hata nikaanza kuliamini, au tuseme nikaanza kulitamani.

Mwaka uliofuata, chuoni, mwanafunzi mmoja wa shahada ya pili alikuwa akitafuta watu waliofiwa wajaze fomu ya utafiti wake. Alikuwa ameitafsiri kwa Kiswahili. Nikachukua tatu: yangu, ya dada yangu mkubwa, na ya nyanya yangu, mamake marehemu. Kila fomu ilikuwa na sentensi 21, na mbele ya kila sentensi unaandika namba, kuanzia 0 hadi 5. Sifuri maana yake badiliko hilo sikulipata kabisa. Tano maana yake nimelipata kwa kiasi kikubwa sana. Ukijumlisha zote, juu kabisa ni 105.

Mimi nilipata 93. Dada yangu alipata 38.

Wallahi ndugu zangu, nilifurahi. Nikajiona nimefaulu. Nikamuonea huruma dada yangu, nikadhani subira yake ina kasoro. Naomba usinicheke bado, subiri hadi mwisho.

KIPIMO HIKI KIMETOKA WAPI?

Kipimo hiki kilitungwa na wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Charlotte, Marekani: Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun. Walikitoa mwaka 1996. Waliona kwamba wataalamu wengi wanahesabu madhara ya misiba tu: usingizi uliopotea, hofu, huzuni. Wao wakauliza, je, hakuna watu ambao baada ya kupambana na msiba wamejiona wamebadilika kwa kheri? Na kama wapo, tunaweza kulipima badiliko hilo?

Wakaligawa badiliko hilo katika mafungu matano: kuwa karibu zaidi na watu, kuona njia mpya maishani, kujiona una nguvu, kubadilika katika mambo ya kiroho, na kuithamini zaidi siku unayopewa kuishi. Katika sentensi zile 21, mambo ya kiroho yalipewa 2 tu.

Tuwe waadilifu. Wataalamu hawa hawakusema kwamba msiba ni kitu kizuri, wala hawakusema kila aliyefiwa ni lazima akue. Walisema kukua hutokana na kupambana na msiba, na kwamba mtu anaweza kukua huku angali anaumia. Haya si mageni kwetu. Wazee wetu waliyajua kabla ya fomu.

Lakini kipimo kilijaribiwa kwanza kwa wanafunzi wa chuo kikuu wa Marekani, zaidi ya 600. Yaani ile pishi ilichongwa kwa kupimia kitu cha kule. Baadaye ikasafirishwa dunia nzima, ikatafsiriwa kwa lugha nyingi. Na hapo ndipo penye mushkili.

MAJIBU YA NYANYA

Nyanya yangu hasomi herufi za Kizungu, anasoma Qur'ani. Kwa hivyo nilikaa naye kwenye baraza baada ya Magharibi nikamsomea. Kabla ya yote nilimueleza kwamba fomu hii inauliza kama mtu amekua baada ya msiba.

Akacheka. "Mjukuu wangu, mimi na meno haya mawili, nikue wapi tena?"

Nikamsomea ile inayouliza kama amegundua kwamba ana nguvu kuliko alivyodhani. Akatikisa kichwa. "La hawla wala quwwata illa billah. Nguvu zangu mimi? Mtoto wangu amenitangulia, nikasimama. Waniona nilisimama kwa nguvu zangu?" Nikaandika sifuri.

Nikamsomea ile ya imani ya dini, kama imezidi nguvu. Akaniangalia vibaya kidogo. "Kwani hapo awali ilikuwa pungufu?" Nikaandika sifuri.

Nikamuuliza kama amejua sasa kwamba watu wanaweza kutegemewa wakati wa shida. Akasema, "Watu nawajua tangu babu yako alipokufa. Walikuja wakati ule na wamekuja sasa." Sifuri nyengine. Tulipofika ya kumi, alisikia adhana ya Isha akainuka, na fomu haikumalizika.

Sasa nakuuliza wewe msomaji. Mwanamke huyu amezika mume, amezika mtoto, hajakosa sala, hajakosa kumshukuru Mola wake. Kwenye karatasi ni sifuri, sifuri, sifuri. Je, hajakua?

Angalia sifuri zile zilivyopatikana. Ya kwanza ilitokana na adabu: kwake yeye, kusema "mimi nina nguvu" ni kujisifu kwa kitu ambacho si chake. Ya pili na ya tatu zilitokana na kwamba fomu inauliza kilichoongezeka, si kilichopo. Pishi iliyokwisha kujaa, utaiongeza nini? Mtu aliyeanza na imani nusu akafika robo tatu atapata alama nyingi kuliko aliyeanza nayo kamili akabaki nayo kamili. Na huyu wa pili ndiye aliyeshinda mtihani mgumu zaidi!

NCHI MBALIMBALI, MAJIBU MBALIMBALI

Usidhani ni nyanya yangu peke yake. Wataalamu wenyewe waliliona jambo hili walipokwenda nchi nyengine.

Japani, kipimo hiki kilipojaribiwa kwa wanafunzi na matokeo yakatolewa mwaka 2007, yale mafungu matano hayakutokea matano. Yalitokea manne. Mambo ya kiroho na kuyathamini maisha yaliungana yakawa fungu moja. Mmarekani aliyatenga, Mjapani akayaona ni kitu kimoja. Halafu kuna lile la adabu: Mjapani naye amelelewa asijikweze mbele za watu, kama nyanya.

Nenda Sarajevo, Bosnia, mji wenye ndugu zetu Waislamu wengi. Baada ya vita vya 1992 hadi 1995, watafiti waliwapima watu waliokuwa wakimbizi na waliohamishwa makwao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Alama zao zilikuwa chini sana kuliko za tafiti nyingi zilizotangulia, na mafungu yalionekana matatu badala ya matano. Je, tuseme watu wa Sarajevo ni dhaifu wa moyo? Mtu aliyepoteza jamaa, nyumba na mtaa mzima, na bado anatafuta pa kulala, ana nafasi gani ya kuulizwa kama ameona njia mpya maishani?

Mwaka 2017 wenye kipimo wenyewe, pamoja na wenzao, walikipanua. Waliongeza sentensi nne juu ya mambo ya kiroho na maana ya maisha, zikawa 25, na wakazijaribu Marekani, Uturuki na Japani. Maana yake walikiri kwamba zile mbili za mwanzo hazikutosha kumbeba kila mwanadamu. Huo ni uungwana wa elimu, na sisi tunaosoma vyuoni tuuige. Mwenye elimu akiona pishi yake haipimi sawa, huitengeneza. Halaumu mchele.

Kwa hivyo ukisoma gazetini kwamba watu wa nchi fulani hukua zaidi baada ya misiba kuliko wa nchi nyengine, uliza kwanza: swali lilikuwa na maana moja kwa wote wawili? Kutafsiri maneno hakutoshi. Desturi ya watafiti makini ni kwamba mmoja anatafsiri, na mwengine ambaye hakuiona asili anarudisha tafsiri ile katika lugha ya kwanza, ionekane kama maana imesalimika. Lakini hata neno "nguvu" likisalimika, je, adabu ya kulisema imesalimika?

93 YANGU NA 38 YA DADA

Sasa nirudi kwenye alama zangu, na hapa ndipo mnaporuhusiwa kunicheka.

Mwaka 2009, mtafiti Patricia Frazier na wenzake walitoa matokeo ya kazi yao kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Wao hawakungoja msiba ndipo waulize. Waliwauliza wanafunzi hali zao mapema, kisha wakawauliza tena baadaye, na kati yao walikuwako waliofikwa na misukosuko katika kipindi hicho. Hapo wakaweza kulinganisha mambo mawili: badiliko analolisema mtu, na badiliko lililotokea kweli. Kwa jumla mawili hayo hayakwenda pamoja. Zaidi ya hayo, waliojiona wamekua sana ndio walioelekea kuongezeka dhiki, lakini waliokua kweli, dhiki yao ilipungua.

Niliposoma hayo nilikaa kimya kwa muda. Maana nilijijua. Mimi mwenye 93, mwaka ule sala ya Alfajiri ilikuwa ikinipita mara kwa mara. Nilikuwa mkali kwa wadogo zangu, nikiulizwa kitu napayuka. Kaburi la baba sikuwahi kulizuru hata mara moja, nilikuwa nikipita njia ya mbali ili nisilione. Nilijaza 5, 5, 5 kwa sababu nilitaka yale maneno ya watu yawe kweli. Niliogopa kwamba kama sikukua, basi baba amekufa bure.

Na dada yangu mwenye 38? Yeye ndiye aliyeamka kupika daku. Yeye ndiye aliyemuogesha nyanya alipougua. Yeye ndiye aliyelitafuta daftari la madeni la baba, akaenda duka kwa duka kuuliza marehemu anadaiwa nini, akalipa kidogo kidogo hadi la mwisho. Nilipomuuliza kwa nini alijiandikia alama ndogo hivyo, alijibu, "Mimi naona nimechoka tu. Sikuona mahali pa kuandika hilo." Na kweli, sentensi zote 21 ni za mabadiliko mema. Aliyechoka hana pa kuandika.

DINI YETU INASEMAJE?

Huenda mtu akasema: sisi hatuhitaji fomu za wanasaikolojia, sisi tuna subira. Ni kweli tuna subira. Lakini ndugu yangu, mara ngapi tumeigeuza subira nayo ikawa fomu? Tunamtazama mfiwa, akilia tunampunguzia alama, akinyamaza tunamuongezea.

Nabii Yaqub (A.S.) Qur'ani inamtaja kwa subira njema, na Sura hiyo hiyo ya Yusuf inatueleza kwamba macho yake yalikuwa meupe kwa huzuni. Subira na machozi katika mtu mmoja, na mtu huyo ni Mtume.

Mtume wetu (S.A.W.) alizaliwa babake ameshafariki. Akafiwa na mamake akiwa na umri wa miaka sita, kisha babu yake alipokuwa na minane. Mwaka wa kumi wa utume alifiwa na Bibi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Talib, na mwaka huo ukaitwa Mwaka wa Huzuni. Haukuitwa mwaka wa kukua. Na mwanawe Ibrahim alipofariki, alitokwa na machozi mbele ya sahaba. Mmoja wao alipostaajabu, akamueleza kwamba hiyo ni rehema, na kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhisha Mola.

Na Ummu Salama (R.A.), alipofiwa na Abu Salama mwaka wa 4 Hijria, aliisoma dua aliyofundishwa ya kuomba badala iliyo bora. Lakini moyoni alijiuliza: ni nani atakayekuwa bora kuliko Abu Salama? Aliisema dua akiwa bado haoni njia. Kheri ilikuja baadaye, kwa wakati wake, alipoolewa na Mtume (S.A.W.). Siku ile ya dua ungempima, ungekuta huzuni tu. Hata hivyo alikuwa ameshatii.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, usimdai mfiwa kukua. Usimwambie kijana wa miaka kumi na minne "sasa wewe ni mwanamume." Mwambie, "Kesho nitakuja tuende sote msikitini." Akikua, atakua kwa wakati wake.

Pili, usimlinganishe mfiwa na mfiwa. Mjane aliye edani anahesabu miezi minne na siku kumi. Amana aliyopewa mtoto wake ni nyengine, na ya mama wa marehemu nyengine. Hata ndani ya nyumba moja pishi ni mbalimbali, seuze nchi na nchi.

Tatu, ukitaka kujipima, pima vitendo na uvipe muda. Madeni ya marehemu yamelipwa? Jamaa zake unawaunga? Unamuombea dua? Sala zako zikoje ukilinganisha na mwaka jana? Haya huwezi kujidanganya kwa kalamu.

Nne, tusiwaache waliozama. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeitambua huzuni inayomlemaza mtu kwa zaidi ya miezi sita. Na limesema wazi kwamba huzuni hiyo iangaliwe kulingana na mila na dini ya mtu mwenyewe. Basi ukimuona mwenzako miezi imepita hali, halali, hataki watu, au anasema hana haja ya kuishi, usimwambie imani yake ni ndogo. Mpeleke kwa mtaalamu na usimuache peke yake. Kutafuta dawa ni sunna.

Mwisho, nirudi kwenye mkeka. Ramadhani ya mwaka jana dada yangu alimshika nyanya mkono akamketisha pale mahali pa baba, palipokuwa patupu. Hakusema neno. Nyanya akakaa, akachukua tende, akaigawa nusu, nusu moja akanipa mimi. Adhana ikaadhiniwa tukafuturu. Sikujua niandike namba gani, na kwa mara ya kwanza sikutaka kuandika. Kesho yake alfajiri nilikwenda makaburini.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotutangulia, wape nguvu waliobaki, na utupime kwa rehema yako, usitupime kwa uadilifu wako peke yake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.